Karatasi ya Kinshasa Haina Mamlaka Juu ya Usingizi Wetu

Usiku wa kuamkia mtihani wa Serikali, shefu wa avenyu yetu alivaa koti juu ya pijama, akashika tochi, akaenda kugonga kwenye kanisa moja hapa Lubumbashi, kando ya barabara ya Kasenga. Saa sita ilikuwa imeshapita. Umeme wa SNEL ulikuwa umekatika tangu jioni, lakini genereta la kanisa lilikuwa linanguruma, na bafle zote zilielekezwa barabarani. Ndani kulikuwa na waumini wachache tu. Kwa nini bafle ziwape mgongo wanaosali na kutukabili sisi tuliolala?

Wazazi kadhaa tulisimama nyuma ya mzee. Pasta akatoka, jasho linamtiririka, mikro mkononi. Akamsikiliza, akaingia ofisini, akarudi na karatasi iliyofungwa kwenye plastiki. "Papa, hii inatoka Kinshasa, kwa Waziri wa Haki. Wewe uko shefu wa avenyu tu." Akageuka. Kabla hatujafika kwenye kona, sauti ilikuwa imepanda zaidi.

Nganda, yaani baa, iliyo ng'ambo ya barabara nayo ina karatasi yake, ya ngazi ya jimbo. Polisi walikuja, wakazungumza pembeni na mwenye nganda, wakaondoka wakicheka. Asubuhi watoto wetu walikwenda kwenye kituo cha mtihani macho mekundu, mmoja wao akiwa na kalamu mkononi na maji ya baridi kichwani ili asisinzie.

Chanzo kila mtu anakijua: polisi asiyelipwa vizuri, viwanja vilivyobanana, na wakubwa wenye hisa kwenye nganda. Tusipoteze muda hapo. Kinachonichoma ni ile karatasi. Imekuwa desturi Lubumbashi kwamba mwenye muhuri wa juu anamzima mwenye muhuri wa chini, na aliye chini kabisa ni yule mzee mwenye tochi, ambaye ndiye pekee anayetujua kwa majina.

Basi tuisome hiyo karatasi. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayozipa jumuiya zisizo za faida, makanisa yakiwemo, hadhi mbele ya sheria, na hadhi hiyo hutolewa na Wizara ya Haki. Karatasi hiyo inasema kwamba kanisa lipo, linaweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa. Haikumgawia mtu yeyote hewa ya parseli yangu baada ya saa nne usiku. Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Kifungu cha 3 kinasema miji na komini zinajiendesha zenyewe kwa uhuru. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaipa komini baraza lake. Kwa hiyo anayesema Kinshasa imeshamaliza neno anatudanganya mchana kweupe, na komini inayonyamaza mbele ya uongo huo ni mshirika wake.

Wala tusiambiwe kwamba kelele haziwezi kuzuiwa. Desemba 2020, kwa ajili ya korona, Serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia tarehe 18 mikesha ikasimama, nganda zikafunga. Dola ilipotaka, mji mzima ulisikia. Mungu hakuacha kusikia sala za mchana, na bia haikuchacha.

Wenzetu Wakenya waliandika kwenye Katiba yao ya 2010, katika Jedwali la Nne, kwamba kudhibiti kelele ni kazi ya kaunti. Ndiyo maana mwaka 2022 gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, aliweza kutangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo kwenye makazi ya watu. Wenye vilabu walipiga kelele za aina nyingine, lakini angalau kila mtu alijua mlango wa kubisha. Sisi tunatupwa kutoka kwa shefu wa kartie hadi kwa burgumestre, kutoka kwa meya hadi kwa gavana, na mwisho tunaambiwa tungoje Kinshasa. Sitaki pia ya Kigali, ambako mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa. Nataka kanisa libaki wazi na bafle zizimwe.

Ndugu zangu wa Kasenga, tuanze na daftari. Kila avenyu iwe na moja, likae kwa shefu. Kelele zikianza, andika tarehe, saa zilipoanza na zilipoisha, zimetoka wapi, na nani nyumbani kwako ni mgonjwa, mtoto mchanga au mwanafunzi wa mtihani. Watu wa parseli kumi watie sahihi. Mtu mmoja akilalamika huitwa mwenye wivu au mchawi. Hawawezi kuita avenyu nzima wachawi.

Daftari likijaa, twende nalo kwa washauri wa komini tuliowapigia kura tarehe 20 Desemba 2023. Waliomba kura zetu kwa bafle hizo hizo; sasa watuambie baraza lao linafanya nini. Tuwaendee pia wabunge wa jimbo, maana bunge la jimbo lina uwezo wa kupitisha ediki. Ediki hiyo iseme waziwazi kwamba kibali cha juu hakifuti saa za kimya za komini. Kesi ya kwanza tuipeleke mahakamani kwa mchango wetu wote, asiachwe mtu kubeba peke yake. Na pesa ya kumshawishi polisi aje, tusitoe tena, kwa sababu upande wa pili hutoa zaidi.

Vijana, nawaomba: msiguse genereta la mtu, msirushe jiwe. Jiwe moja tu, na sisi ndio tutakaolala polisi.

Na sisi tusijifanye malaika. Kilio kikiwa kwetu tunafunga barabara na kupiga muziki hadi kuche; harusi ya binti yetu haina saa ya kuisha. Tukubaliane saa nne, kwa kila parseli, ya tajiri na ya maskini. Wachungaji na maimamu mnaotuelewa, semeni hadharani, mkitaja hata wenzenu. Na wewe mama unayekwenda kwenye ule mkesha, Ijumaa hii, kabla ya wimbo wa kwanza, simama umwambie pasta wako ageuze bafle zielekee ndani.