MWIZI WA KUKU NA BOSI WA MAFUTA

Ndugu yangu wa Thika, dada yangu wa Ruiru, hebu tulia kidogo.

Unamkumbuka Yagnesh Devani? Alikuwa bosi wa Triton, kampuni ya mafuta. Mafuta yaliwekwa kwenye matangi ya Kenya Pipeline kule Mombasa, yakiwa dhamana ya mabenki na wengine waliotoa pesa zao. Mwisho wa 2008 ikajulikana: mafuta yameshatolewa, wenye pesa hawana habari. Hesabu yake? Shilingi bilioni 7.6!

Bosi akaondoka nchini. Akakamatwa London 2011, akapinga kurudishwa Kenya mwaka baada ya mwaka. Aliletwa Januari 2024. Miaka 15! Alikana mashtaka, na sisi si mahakama.

Lakini jiulize. Kijana akishikwa na kuku pale Kiandutu, nani humngoja miaka 15? Kesho yake asubuhi yuko kortini Thika. Akikosa pesa ya bondi, ni rumande moja kwa moja.

Na mafuta hayajitoi kwenye tangi. Kuna aliyefungua, kuna aliyetia sahihi.

Wanatuambia sheria ni msumeno. Mbona huku kwetu una meno, kule juu ni butu?

Basi usibabaishwe na suti wala gari kubwa. Uliza pesa zimetoka wapi. Na siku ukikabidhiwa funguo, hata za stoo ya duka la Ruiru, kumbuka: amana ni amana, iwe debe moja au meli nzima.