Butembo–Beni: Jiko la moshi la peleti kwa nyumba ya kukaa kwa vipindi, lifikiriwe vizuri kwanza

Mtoto wa Butembo anayeishi Kampala, Brussels au Montréal hujenga nyumba yake Bulengera au Vulamba, kisha huilalia majuma matatu kwa mwaka. Anakuja mwezi wa saba, au mwisho wa mwaka, au siku ya arusi ya mdogo wake. Mara nyingine anakuja bila kupanga, kwa sababu ya matanga. Siku hizo chache anataka nyama ichomwe, samaki ziwe na harufu ya moshi, watu wakae kwenye parsele mpaka jioni. Beni nako kuna nyumba za namna hiyo, tena zimeongezeka: tangu Goma ilipoanguka mwisho wa Januari 2025 na uongozi wa jimbo kuhamia Beni, kuna watu wenye mguu mmoja huku na mguu mwingine mahali ambako jamaa zao wamebaki.

Kwa watu hao swali la jiko si dogo. Wengi wameona huko ng'ambo jiko la moshi linalotumia peleti, na wanajiuliza kama inafaa kulipakia katika kontena lipitie Mombasa na Kasindi pamoja na frigo na magodoro. Jibu la gazeti hili ni kwamba, kwa nyumba nyingi za hapa, hapana. Lakini sababu zake ni muhimu kuliko jibu lenyewe, maana zinaonyesha pia ni jiko gani linafaa.

Kwanza, ni kitu gani? Peleti ni punje za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu, ndogo kama ncha ya kidole cha mtoto. Jiko lina sanduku la kutilia peleti hizo, parafujo inayozisukuma polepole hadi kwenye kikombe cha moto, chuma kinachopata joto na kuziwasha, feni ya kupuliza, na kompyuta ndogo inayopima joto. Mpishi anachagua joto, tuseme digrii 110, anakwenda kukaa na wageni wake. Mashine inajilisha kuni yenyewe. Joe Traeger wa Mt. Angel, katika jimbo la Oregon, Marekani, ndiye aliyelitengeneza katikati ya miaka ya 1980. Ni kazi nzuri, haina ubishi: jiko moja linakausha kwa moshi, linachoma kuku, linaoka mkate.

Tatizo liko kwenye mambo mawili ambayo mashine hiyo inayaona kuwa ya kawaida, umeme usiokatika na duka la peleti lililo jirani.

Umeme wenyewe si mwingi. Chuma cha kuwashia hula wati 200 hadi 300 kwa dakika chache, kisha feni na parafujo hubaki na wati 50 hivi. Hata sola ndogo inaweza kulibeba. Ila umeme ukikatika katikati ya kazi, feni inasimama, moto unazubaa, nyama ya saa tano inabaki vuguvugu mpaka mtu awashe jenereta. Na nyama vuguvugu ndiyo nyama inayoharibika. Kuna jambo lingine ambalo wanaotuma mizigo kutoka Marekani na Kanada hawalifikirii: jiko la huko ni la volti 120, na letu hapa ni 220. Watu husema watanunua transfoma. Sawa, transfoma inashusha volti, lakini haibadilishi mipigo ya umeme. Huko ni 60 kwa sekunde, hapa ni 50. Mota ya parafujo iliyotengenezwa kwa 60 itazunguka pole kwa sehemu moja ya sita, peleti zitafika kidogo kuliko kompyuta inavyofikiri, na mwenye jiko atabaki anashangaa kwa nini joto halipandi. Anayetaka kulileta anunue la Ulaya, au lile ambalo mota zake ni za umeme wa betri, na asome kibao cha nyuma kabla ya kulipa.

Upande wa peleti hali ni ngumu zaidi. Jiko la kadiri hula nusu kilo hadi kilo moja kwa saa katika moto mdogo, na zaidi moto ukiwa mkali. Mfuko wa kilo tisa ni siku moja au mbili za sherehe. Katika maduka ya Butembo utapata misumari, mabati, rangi na pikipiki nzima kwa vipande, lakini peleti za kupikia si bidhaa ya soko letu. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Gisenyi, kampuni ya Inyenyeri iliwahi kutengeneza peleti za majiko ya nyumbani, watu wakileta matawi na kupewa peleti, lakini hata yenyewe ilifunga. Kwa hiyo kila mfuko utatoka mbali, na gharama ya njia itazidi gharama ya mbao.

Halafu kuna unyevu. Butembo iko juu ya mita 1,700, mvua hapa haiombwi. Peleti inayonyonya maji huvimba na kurudi kuwa unga. Mwenye nyumba akiondoka Januari na kuacha sanduku limejaa, atakaporudi Julai atakuta parafujo imeshikwa na unga mgumu kama saruji. Hiyo si hadithi ya kutishia watu. Ndivyo mashine hizo zinavyokufa hata huko zilikozaliwa, na huko kuna mafundi wenye vipuri vyake.

Lakini tuseme umeme upo na peleti zipo. Bado kuna jambo linalogusa maisha zaidi: moshi wa Wamarekani na moshi wa hapa havifanyi kazi moja. Wao wanatafuta ladha na ulaini. Nyama yao hutoka ikiwa na maji mengi ndani, tamu kweli, na baada ya hapo lazima iingie katika frigo. Mama wa Kyavinyonge anayeweka tilapia na kambale wa Ziwa Edward juu ya moto anatafuta kitu kingine: samaki apoteze maji mpaka aweze kusafiri hadi soko la Beni au Butembo na kukaa siku nyingi bila frigo. Moshi unasaidia, chumvi inasaidia, lakini kinacholinda samaki hasa ni kukauka. Jiko linaloshika digrii 110 kwa ustadi na kuhifadhi maji ndani ya nyama halijamsaidia mama huyo. Na nyumba ambayo umeme wake huja na kwenda iko karibu na hali ya mama wa Kyavinyonge kuliko ya Oregon.

Hapa ndipo neno «nyumba ya kukaa kwa vipindi» linapodanganya. Mwenye nyumba ndiye anayekaa kwa vipindi. Nyumba yenyewe haikai tupu. Kuna zamu na mke wake. Kuna mpwa anayesoma. Na tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka Beni, ni parsele chache ambazo hazijawahi kupokea jamaa waliokimbia na magodoro kichwani. Baadaye wakaja wengine kutoka kusini ya Lubero, vita vilipofika Kanyabayonga mwaka 2024. Watu hao wanapika kila siku. Ukileta jiko ambalo ni wewe tu unayelijua, lenye programu ya simu na lugha ya Kiingereza, litafunikwa shuka siku unayoondoka, na wao wataendelea kupuliza mbabula chini ya paa la jikoni, moshi machoni. Pesa imekwenda, na nyumba haikupata jiko.

Kwa hiyo jiko la matumizi mengi kwa nyumba ya hapa lipimwe kwa swali moja: mwenye nyumba akiwa amelala Brussels, nani analitumia leo asubuhi?

Mafundi wetu wanaweza kujenga lenye kujibu swali hilo. Chini ni chumba cha moto cha matofali ya kuchoma, chenye mlango mdogo wa kupunguza hewa. Juu yake ni sanduku la chuma au pipa lenye trei tatu au nne za waya, na bomba la kutoa moshi lenye kifuniko. Ukifungua hewa, joto linapanda, unaoka mkate au unachoma mbuzi mzima wa arusi. Ukiibana, moto unalala, moshi unaanza, samaki wanakauka. Weka kipima joto cha chuma mlangoni, kile kidogo cha mshale, na umepata sehemu kubwa ya kile ambacho kompyuta ya Traeger inafanya. Iliyobaki ni macho ya mtu.

Wazo hilo si geni Afrika. Wanawake wa Chorkor, karibu na Accra, ndio walioanza kutumia tanuri la trei za kupangwa moja juu ya nyingine mwanzo wa miaka ya 1970, na kwa msaada wa FAO likaenea nchi nyingi kwa sababu lilipunguza kuni na kuokoa mikono ya akina mama isiungue. Baadaye, Senegal, FAO na chuo cha mafunzo ya uvuvi wakaliboresha kwa jina la FTT-Thiaroye: makaa yanapika samaki kwanza, mafuta yanakingwa yasidondoke motoni, na moshi unaingizwa mwishoni kwa kipimo. Sababu yake ni afya. Mafuta yanapodondoka kwenye moto hutoa sumu zinazopanda na moshi na kushika kwenye chakula, zile ambazo madaktari wanazihusisha na saratani. Trei ya bati yenye mteremko chini ya samaki inatosha kuzipunguza sana. Fundi aambiwe mapema, maana bila kuambiwa hataiweka.

Kuhusu kuni, Butembo na Lubero zimejaa mikaratusi, na wengi huikausha na kuitumia kwa moto. Kwa joto ni sawa. Kwa ladha, matawi ya kahawa yanayokatwa shambani ni bora zaidi, pamoja na mpera na avoka. Mashamba mengi ya kahawa ya Beni yalikufa kwa ugonjwa wa kunyauka na mahali pake pakapandwa kakao, lakini bado matawi yapo, na mwenye shamba huyaona kuwa takataka. Unga wa mbao wa maseremala utumiwe kwa uangalifu. Usichukuliwe karakana yenye mbao za gundi, rangi au dawa. Sipre na miti mingine ya utomvu huacha masizi machungu. Na makala? Kila gunia lina mahali lilipotoka, na sehemu ya makala ya jimbo hili hutoka ndani ya Hifadhi ya Virunga na kulipia bunduki. Mwenye pesa ya kujenga nyumba ya pili ana pesa ya kununua kuni za shamba la mikaratusi la jirani.

Neno juu ya nyama ya pori, kwa kuwa wageni huiomba. Moshi hauisafishi nyama ya mnyama aliyeokotwa amekufa. Watu wa Mangina, Beni, Butembo na sehemu za jirani walizika zaidi ya 2,200 kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Hapa haihitaji kuelezwa zaidi. Chukua mbuzi, chukua nguruwe.

Aliyekwisha kulileta jiko la peleti asilitupe. Alifunge kwenye kirekebisha umeme, kila safari amalize peleti zote na kuendesha parafujo mpaka itoke tupu, afagie majivu, na mifuko iliyobaki aiweke katika bidoni yenye kifuniko, juu ya ubao, si sakafuni. Asitumie peleti za kupashia nyumba joto, hata zikiwa za bei ya chini, maana hazikutengenezwa kugusa chakula. Anaweza pia kujaza peleti katika bomba dogo la chuma lenye matundu, akawasha ncha moja na kuliweka ndani ya jiko lolote lenye kifuniko. Linatoa moshi saa kadhaa bila umeme. Kwa anayetaka harufu tu, bomba hilo na mfuko mmoja vinaingia katika sanduku la ndege, na kontena inabaki kwa mambo mengine.

Jiko lolote litakalochaguliwa, likae nje, chini ya bati lililoinuka, mbali na madirisha. Usiku wa Butembo ni baridi, na zamu huvutwa na chuma chenye joto. Aambiwe wazi, mbele ya mke wake, kwamba makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayoua, na kwamba mbabula haiingii katika kibanda cha kulala hata mlango ukiachwa nusu. Ajengewe kibanda kisichopitisha upepo na apewe blanketi nzito. Hiyo ni sehemu ya gharama ya jiko.

Na pipa: lisiwe lililobeba dawa za mashamba, kwa bei yoyote. La mafuta ya kula ni bora. Lichomwe moto mkali tupu mpaka rangi yote itoke, likwanguliwe, lipakwe mafuta ya mawese ndani na kuchomwa tena. Trei zisiwe za bati lenye zinki, maana zinki ikipata moto hutoa moshi wa sumu. Waya mweusi wa kawaida unatosha, na ukichakaa unapatikana sokoni hata mwenye nyumba akiwa mbali.