Viatu vya ncha vingoje
Wengine wenu mmetuuliza juu ya baleti, ile ya Ulaya, si vile vikundi vya ngoma zetu tunavyoviita pia baleti. Mtoto wa miaka 4 acheze tu na muziki. Mazoezi yenyewe huanza karibu na miaka 7 au 8. Viatu vya kusimamia ncha za vidole, hapana mpaka miaka 11 au 12, tena awe amekwisha kujifunza miaka kadhaa, maana mifupa ya nyayo ingali inakua. Akilia anunuliwe, alie. Tazameni na sakafu: saruji tupu huumiza miguu ya mtoto anayeruka. Na mkiona mwalimu anaikandamiza miguu ya mtoto kwa nguvu ili itanuke, mwondoeni mtoto siku hiyo hiyo.