Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Amefundwa na Nani?

Nilipofika Likawage, wilayani Kilwa, nikiwa na kundi la wanafunzi wa kigeni, mzee mmoja alitukaribisha kivulini kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, wale waliokuja kabla yenu kutuhoji habari za msitu, majibu yao yameishia wapi?" Sikuwa na jibu. Wageni wale waliletwa na chuo nilichokitumikia mimi mwenyewe. Aliyeratibu ziara yao alikwisha kustaafu, na jalada aliloacha lilikuwa na orodha ya majina na stakabadhi za mafuta tu.

Tangu siku hiyo siamini tena kwamba tatizo kuu la programu za mabadilishano ya wanafunzi ni fedha. Tatizo ni kuwa anayekabidhiwa programu hizo hafundwi. Mhadhiri msaidizi hupewa barua ya uteuzi, kisha huachwa ajifunze kwa kukosea. Makosa yake hulipwa na wengine: mwanafunzi anayerejea kutoka ughaibuni na kukuta masomo aliyoyafaulu huko hayahesabiwi katika shahada yake, au kijiji kinachojibu hojaji ileile mwaka baada ya mwaka.

Jamii zetu za pwani hazikumwingiza mtu ukubwani kwa waraka. Mwali aliwekwa mikononi mwa kungwi, aliyemwelekeza na kumkosoa faraghani mpaka aweze kusimama mwenyewe. Vyuo vyetu vimeisahau hekima hiyo.

Mkoa wa Lindi unajua gharama ya ziara isiyorudisha kitu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria huko Tendaguru. Leo kiunzi chake kikubwa kimesimama Berlin. Lakini mkoa huohuo una mfano mwingine. Katika miaka ya 1990 wanafunzi wa Cambridge walikuja kuuchunguza mti wa mpingo. Kutokana na kazi yao ikazaliwa asasi ya uhifadhi iliyojikita Kilwa, na mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ikapata cheti cha kimataifa cha FSC. Ziara ya mwanafunzi huzaa pale tu panapokuwa na watu wanaorudi, wanaokumbuka na wanaorithishana kazi.

Napendekeza kila mratibu mpya aambatane na mzoefu kwa mzunguko mzima: kuandika makubaliano, kuomba kibali cha utafiti COSTECH, kupokea wageni, kuhamisha matokeo ya masomo, na mwisho kurudisha matokeo ya utafiti kijijini. Saa za mlezi zihesabiwe katika mzigo wake wa kazi na zimfae anapoomba kupandishwa cheo. Aidha, programu ya Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya hugharimia pia ziara za mafunzo za wafanyakazi. Nafasi hizo wapewe vijana wanaoshika majalada, si wakuu wa idara pekee.

Najua nitajibiwa kwamba wahadhiri wamelemewa. Ni kweli. Lakini mzigo wa kuanza upya kila mratibu anapoondoka ni mzito zaidi, na haubebwi na chuo peke yake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule mzee wa Likawage bado anasubiri kupona.