BIA YETU NI IPI?



Kuna ugomvi mmoja hapa Kanyabayonga ambao hauishi wala haumfaidii mtu. Ni ugomvi wa bia. Huyu anasema Primus ndiyo bia, nyingine zote ni maji. Yule anaapa kwa Simba. Wa tatu ni mtu wa Turbo King, na kwake bia isiyo nyeusi ni ya watoto. Tena wapo wanaofanya biashara upande wa Kasindi, wanarudi na Nile Special ya Jinja na kutuambia kwamba kule Uganda ndiko wanakojua kupika. Watu wa shimo moja, waliobeba mchanga mmoja mchana kutwa, wanatukanana usiku kwa ajili ya karatasi iliyobandikwa juu ya chupa.

Hatuandiki haya ili kuwakataza watu kunywa. Sisi tulisoma misioni, lakini hatukuvaa kanzu ya padri. Mtu anayetoka shimoni na mgongo unaouma ana haki ya kilauri chake. Tunauliza neno moja tu: bia hii tunayoipigania ni ya nani?

CHUPA NA WENYE CHUPA

Tuseme wazi. Kampuni ya Primus iliundwa na Wabelgiji mjini Léopoldville mwaka 1923, na chupa zake za kwanza ziliuzwa mwishoni mwa mwaka 1926. Katika miaka ya 1930 Waholanzi wa Heineken waliingia, na baadaye kampuni hiyo, tunayoiita Bralima, ikawa mkononi mwao kwa miaka mingi. Turbo King ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Mützig nayo imechukua jina la mji mdogo wa Alsace, Ufaransa.

Simba na Tembo ni za Brasimba ya Lubumbashi. Mzizi wake ni Élisabethville ya miaka ya 1920, wakati wachimba shaba wa Union Minière walipokuwa wakiongezeka na kiu yao ikiongezeka pamoja nao. Brasimba imekuwa mali ya kundi la Castel la Ufaransa, sawa na Bracongo ya Kinshasa inayopika Skol. Ilijenga kiwanda hata huku kwetu Beni. Na ile Nile Special ya Uganda? Tangu mwaka 2016 kiwanda chake kimo ndani ya AB InBev, kampuni kubwa ambayo makao yake ni Ubelgiji.

Basi tazameni. Mtu wa Primus alikuwa anamtetea Mholanzi. Mtu wa Simba anamtetea Mfaransa. Na yule wa Nile Special, aliyedhani amekimbilia Uganda, kumbe amerudi kwa Mbelgiji! Tarehe 30 Juni 1960 bendera ilishuka, nyingine ikapanda. Kilauri hakikubadilisha mwenyewe.

LUMUMBA NA BIA YA POLAR

Wako watakaosema kwamba mambo ya bia ni madogo, hayafai gazeti la wananchi. Wakumbuke Patrice Lumumba. Alipofika Léopoldville mwaka 1957 alipata kazi kwa Bracongo, akawekwa kuitangaza bia ya Polar. Mji ulikuwa umegawanyika, Polar huku na Primus kule. Lumumba alizunguka baa hadi baa, mtaa hadi mtaa, akisema na watu, akiwasikiliza, akijifunza namna ya kuushika umati kwa maneno. Mwezi wa 10 mwaka 1958 chama cha MNC kilizaliwa, naye akawa mkubwa wake. Sauti iliyouza bia ikaanza kudai uhuru.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Lumumba aliitumia bia kuwafikia watu. Siku hizi bia inawatumia watu wetu wenye sauti ili kuifikia mifuko yetu. Katika miaka ya 2000 Werrason aliimba kwa ajili ya Primus na JB Mpiana kwa ajili ya Skol, na wapenzi wao wakagawanyika kama makabila mawili. Wazee walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama bia ni nzuri hivyo, mbona inahitaji gari la vipaza sauti, fulana za bure na mwanamuziki mkubwa kuliko wote?

WALIOIPIKA WALIPATA NINI?

Mpenzi wa bia hujua ladha, hujua povu, hujua kiwanda kipi kinapika vizuri kuliko kipi. Utamsikia akisema kwamba Primus ya Bukavu si sawa na ya Kinshasa. Vema. Lakini je, anawajua waliokuwa wanaipika Bukavu?

Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, Kivu ilipokuwa chini ya waasi wa RCD-Goma, wafanyakazi wengi wa kiwanda cha Bralima cha Bukavu walifukuzwa kazi. Walidai kwamba haki yao ilivunjwa, na kwamba kampuni ilitegemea ruhusa ya waasi ili kuwatoa. Walibisha hodi mlango baada ya mlango katika nchi yao bila kushiba. Mwezi wa 12 mwaka 2015 watu 168 waliokuwa wafanyakazi walipeleka shauri lao Uholanzi, kwenye ofisi ya serikali inayosikiliza malalamiko juu ya makampuni yanayofanya kazi nje. Mwezi wa 8 mwaka 2017 yalifanyika mapatano, na Heineken ikakubali kulipa.

Fikirini, ndugu. Zaidi ya miaka 12 ya kungoja! Katika miaka hiyo chupa ngapi zilifunguliwa katika nganda zetu, na ni nani aliyeinua kilauri akauliza habari za wale watu? Tuliijua bia, hatukuwajua wapishi. Lakini somo lingine limo humo humo: watu hawa walishinda kwa sababu walisimama pamoja, wakatunza barua zao, wakakataa kunyamaza. Mfanyakazi asiyetunza karatasi yake ya mshahara na asome habari hii mara mbili.

Tena kuna habari ya barabara. Mwaka 2013 watafiti wawili, Jason Miklian na Peer Schouten, waliandika katika jarida la Marekani liitwalo Foreign Policy jinsi bia inavyosafiri katika Kivu hata pale dawa na chakula visipopita, na jinsi fedha za vizuizi zinavyoingia mikononi mwa wenye bunduki. Sisi tunaokaa juu ya mteremko wa Kabasha, kwenye barabara ya Goma na Butembo, hatukuhitaji mtafiti atuonyeshe kizuizi. Lakini ni vizuri kwamba imeandikwa.

Hata hivyo bunduki haina rafiki. Mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka 2024 M23 waliingia Kanyabayonga, na watu wetu wakapanda barabara ya Lubero na Butembo wakiwa na magodoro vichwani. Mwezi wa 2 mwaka 2025 kiwanda cha Bukavu kiliporwa. Mwezi wa 6 mwaka huo Heineken ilitangaza kwamba usimamizi wa mali yake Bukavu na Goma umetoka mkononi mwake, na kwamba imewaondoa wafanyakazi waliobaki. Mwenye hisa Ulaya anaandika hasara katika daftari, kesho anafungua ukurasa mwingine. Mpakiaji wa makasha wa Bukavu afungue ukurasa upi?

HESABU YA KARANI

Kazi yetu ni daftari, basi tufanye hesabu. Mtu anayekunywa chupa 2 tu kwa jioni amekunywa chupa 60 kwa mwezi wa siku 30. Kasha ni chupa 12. Hayo ni makasha 5 kwa mwezi. Kwa mwaka ni chupa 730, yaani makasha 60 na chupa 10 juu. Kila msomaji achukue kalamu, azidishe kwa bei ya nganda yake, kisha aiweke hesabu hiyo kando ya karo ya watoto wake. Hatusemi neno zaidi. Namba zinajua kusema zenyewe.

KASIKSI YA MAMA ZETU

Katika ugomvi wote ule wa nganda, kuna bia moja ambayo haitajwi. Ni kasiksi.

Mtu akivaa viatu vizuri, anaona haya kuinywa mbele za watu. Anasema ni kinywaji cha kijijini, ni uchafu. Lakini tuitazame kazi yake. Mama anakata ndizi za pombe zilizokomaa, anazifukia katika shimo lililopashwa moto, anazifunika kwa majani mpaka ziive. Anazimenya, anazikamua kwa nyasi mpaka maji matamu yatoke. Hayo ndiyo mutobe, ambayo hata mtoto anakunywa. Kisha anatia unga wa mtama uliokaangwa, anafunika, anangoja usiku mmoja au mitatu. Hakuna kimea kilichopanda meli kutoka Ulaya, wala leseni ya Amsterdam. Mgomba ni wetu, mtama ni wetu, mikono ni ya mama, na franka ya bidoni inalala Kanyabayonga: inakuwa daftari la shule, inakuwa sabuni, inakuwa dawa.

Na ni nani anayemlinda mama huyo? Kila mwenye kofia anamdai kitu sokoni, bila karatasi. Gari la bia linapewa njia; mama mwenye bidoni mgongoni anasimamishwa.

Jambo hili si letu peke yetu. Kule Durban, Afrika Kusini, tangu mwaka 1908 wakubwa wa mji walijitwalia wenyewe haki ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika, na faida yake wakaitumia kuendesha utawala wa kuwabana Waafrika hao hao. Wanawake waliopika nyumbani walikamatwa na pombe yao ikamwagwa. Mwezi wa 6 mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor walichoka. Waliziingia baa za serikali, wakawafukuza wanaume waliokuwa wanakunywa humo, wakaigomea pombe ya wakubwa. Walikuwa wanatetea chungu cha nyumbani, kwa maana humo ndimo kilimokuwa chakula cha watoto.

Kasiksi ina adui mwingine asiyevaa kofia: mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu ulionekana kwanza katika nchi yetu mwaka 2001 huko Masisi, kisha ukatembea Kivu nzima, nao unapenda sana migomba ya pombe. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya siku zake, ndani zimeoza. Wakulima, sikieni: ondoeni lile ua linaloning'inia mwisho wa mkungu, kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe kwanza motoni. Shina linaloumwa likatwe chini kabisa. Makampuni yana wataalamu wa kimea; mgomba wetu hauna mtaalamu mwingine ila sisi.

MAJIBU KWA WATAKAOPINGA

Watasema: makampuni yanalipa kodi na kuajiri watu. Ni kweli, na hatutaki kiwanda hata kimoja kifungwe. Tunataka kodi ionekane katika barabara, na mwajiriwa asilazimike kwenda Uholanzi kudai haki yake.

Watasema: kasiksi ina maji machafu. Mara nyingine ni kweli. Basi maji yachemshwe, bidoni lioshwe. Uchafu ni kazi ya sabuni, si sababu ya dharau. Na tusichanganye kasiksi na kanyanga: ile pombe kali ya kukenekwa imewaharibu vijana wetu, nasi hatuitetei.

Watasema: mnatugombanisha na chupa. La. Wazee wa pwani walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumeyasifu makampuni haya karibu miaka 100 bila kuuliza swali. Sifa zimetosha, sasa maswali.

TUNAYOYADAI

Kwanza, kila kiwanda kinachouza kwetu kinunue mahindi, mchele na mtama wa wakulima wetu, kwa bei inayojulikana.

Pili, mfanyakazi wa bia, kama mfanyakazi wa mgodi, apewe barua ya kazi na malipo yake hata vita vikija.

Tatu, wapishi wa kasiksi wa Kanyabayonga, Kayna na Kirumba waungane, waweke kipimo kimoja cha usafi na cha bei, na mtoza ushuru akidai, adai kwa karatasi yenye muhuri.

Nne, wapenzi wa bia wamalize ugomvi wao. Mwenye kuchagua Primus achague, mwenye kuchagua Simba achague, lakini aulize kila chupa: nani alikupika, alilipwa nini, na faida yako inalala wapi? Na siku ya sherehe, ya harusi au ya matanga, bidoni la kasiksi liwekwe katikati ya meza pamoja na chupa, si nyuma ya nyumba.

Mwacha asili ni mtumwa. Ndugu, tulikataa kutawaliwa mchana. Tusikubali kutawaliwa jioni.