Cherehani Isiuzwe kwa Kilo

Umezuka mtindo wa kuuza kama vyuma chakavu vitu ambavyo havijachakaa. Mkokoteni wa mnunuzi ukipita mtaani hupakiwa fremu ya baiskeli, sufuria iliyotoboka, na, jambo la kusikitisha, cherehani. Ile Singer nyeusi yenye urembo wa dhahabu, iliyowalipia ada baba na shangazi zetu, inatiwa kwenye mizani kwa kuwa eti imekufa.

Haijakufa. Mara nyingi imeganda tu. Mtu aliishiwa mafuta ya cherehani akaitia mafuta ya kupikia, nayo yakakauka, yakanata, mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Chuma chenyewe ni kizima. Tia matone ya mafuta ya taa katika kila tundu la mafuta, mbali na jiko, uiache ilale. Asubuhi lizungushe gurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, bila kulilazimisha. Likishalegea, futa uchafu unaotoka, kisha utie mafuta halisi ya cherehani, maana mafuta ya taa husafisha lakini hayalainishi. Fungua na bamba lililo chini ya sindano. Hapo katikati ya meno utakuta vumbi la nyuzi limeshindiliwa miaka na miaka, hata unalinyanyua kipande kizima kwa ncha ya bisibisi. Hicho ndicho kilichokuwa kikizuia kitambaa kusogea, na watu wakasema mashine imezeeka!

Ikiruka mishono, usikimbilie kwa fundi. Badili sindano kwanza. Huenda ni butu, au ubapa wake umeelekezwa kusiko.

Wapo watakaosema vipuri havipatikani. Hao hawajafika dukani. Cherehani nyingi za Kichina, Butterfly zikiwamo, zimeundwa kwa kuifuata Singer namba 15, kwa hiyo bobini na sindano za leo huingia humo bila taabu. Zile za kale zaidi, zenye bobini ndefu nyembamba, zitakusumbua kidogo kwa bobini, lakini nyingi hutumia sindano hizo hizo. Mkanda wa ngozi ukilegea hukatwa kipande ukaungwa tena. Tena cherehani ya miguu haingoji umeme. Fundi wa sare za shule anajua thamani ya jambo hilo umeme unapokatika Januari.

Onyo moja kwa wapenda mng'aro: msiipulizie rangi mpya. Rangi huziba matundu ya mafuta na kufukia urembo ambao hamtaweza kuurudisha. Wala msiifute kwa spiriti, maana hula vanishi na dhahabu ikaondoka nayo. Kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani kinatosha. Mikwaruzo na ibaki. Cherehani ni ya kushonea, si ya kupambia sebule.

Basi mwenye nayo stoo aitoe Jumamosi hii, anunue kichupa cha mafuta na sindano mpya. Na asiyeihitaji, tafadhali asiipeleke kwenye mizani. Amkabidhi binti wa jirani aliyejifunza ushonaji na mpaka leo anaazima cherehani ya watu.