DONDA NDUGU SI AIBU

Ndugu Wanachama,

Mwezi huu sitaanza na habari za mishahara. Nitaanza na mguu wa mwenzetu mmoja.

Mwenzetu huyu ni mtu wa gangi. Taruma la chuma lilimkata juu ya kifundo cha mguu. Alifunga kitambaa akamaliza kazi. Nyapara hakuandika neno, wala yeye hakuomba liandikwe. Sasa ni mwaka wa tatu na donda halijafunga. Usiku hapati usingizi kwa maumivu. Maji hutoka yakalowesha kitambaa hata suruali. Kwa ajili ya harufu ameacha kuketi nasi wakati wa chai, na kanisani hukaa karibu na mlango. Hakuumia mguu tu, ameumia na heshima yake.

Na sisi je? Wengine walimcheka, wengine walisema amerogwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisogea mwisho wa benchi, kwa hiyo siandiki haya kama mtu asiye na kosa.

Ndugu, donda lisilopona lina sababu. Pengine mishipa ya mguu imechoka, damu hairudi juu vizuri, na mguu huvimba, hasa kwa mtu asimamaye kutwa. Pengine ni ugonjwa wa sukari, ambao huua hisia za miguu hata mtu akanyage msumari asijue. Sababu isipotibiwa, kubadili kitambaa peke yake hakutoshi. Donda likipita majuma manne bila kupona, nenda hospitali likatazamwe, na sukari ipimwe. Usitie majivu, wala mafuta ya taa, wala maji ya betri. Bendeji ya kubana husaidia sana donda la mishipa, lakini ifungwe na mtu aliyefundishwa, baada ya kupima kama damu inafika mguuni. Mguu usiopata damu ya kutosha hudhurika ukibanwa.

Sasa haki yetu. Sheria ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007 yasema mtu akiumia kazini, mwajiri atalipa gharama za matibabu zinazostahili. Lakini dai la fidia lapasa kupelekwa kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Hapo ndipo mwenzetu alipopotea: karatasi hakuna, na miezi 12 ilipita zamani.

Kwa hiyo nasema mambo matatu. Kwanza, kila jeraha, hata dogo, liandikwe siku ile ile, na mjumbe wa chama apewe habari. Nyapara akikataa, mashahidi wawili waandike majina yao. Pili, chama chetu kidai mwenye donda apewe kazi ya kuketi, na ruhusa ya kwenda kufungwa bendeji pasipo kukatwa mshahara. Jambo hili halingoji fidia, na tutaanza na mwenzetu huyu. Tatu, wakati wa chai tumwite aketi katikati yetu. Hili halihitaji mkutano wala sahihi ya bwana mkubwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mguu uliokatwa haujengwi tena.

Umoja ni nguvu.

Mhariri